Namba ya ugonjwa nayo ni mali: Mkulima na mwenye duka la dawa wasipitwe inapobadilika

BABA yangu mdogo analima mahindi ekari nne nje kidogo ya mji wa Songea. Msimu mmoja viwavijeshi vamizi walipoingia shambani, alibeba bomba la kunyunyizia dawa mgongoni tangu asubuhi hadi jua la utosi, bila glavu wala kitambaa cha kufunika pua. Jioni yake alianza kutapika. Jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, mate yakamjaa mdomoni na macho yakawa yanaona ukungu.

Tulimkimbiza kwenye kituo cha huduma. Alihudumiwa usiku kucha, akapona, na kwa hilo familia nzima inashukuru. Lakini alipopewa karatasi yake, kilichoandikwa kilikuwa malaria, na pembeni yake namba B54. Kipimo chenyewe kilikuwa kimeonyesha hakuna vimelea vya malaria.

Baada ya wiki kadhaa fomu yake ya bima ilirudishwa bila kulipwa, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa, kipimo kilichofanyika na dawa zilizotolewa havikufanana. Kituo kilimwita alipe fedha taslimu. Mzee akauza magunia ya mahindi wakati bei iko chini kabisa, mwezi ambao kila mtu anavuna.

Mimi ni mchumi kilimo. Kazi yangu ya kila siku ni bei, mavuno na masoko, na kabla ya siku hiyo niliziona namba za magonjwa kuwa ni mambo ya madaktari na makarani wa hospitali. Nilikuwa nimekosea. Namba ile fupi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu iligharimu kaya moja akiba yake ya chakula. Ndiyo maana leo naomba wasomaji wa kurasa hizi, wakulima na wafanyabiashara wadogo, tulitazame jambo hili kama tunavyotazama bei ya mbolea.

Ni kama daraja la tumbaku

Mkulima wa tumbaku wa Namtumbo anaelewa jambo hili haraka kuliko mtu mwingine. Anajua kuwa jani halilipwi kwa kuwa ni jani, linalipwa kwa daraja lililoandikwa kwenye tiketi ya mzigo. Daraja likikosewa, jasho la msimu mzima linapungua thamani. Hata anayenunua mbolea ya ruzuku tangu mpango ulipoanza mwaka 2022 anajua kuwa bila namba yake ya usajili kuwa sahihi, harudi nyumbani na mfuko.

Katika matibabu hali ni hiyo hiyo. Kila ugonjwa una namba yake katika kitabu cha kimataifa kinachosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), kinachojulikana kwa kifupi kama ICD. Katika toleo la kumi la kitabu hicho, malaria iliyothibitishwa kuletwa na kimelea aina ya falciparum ni B50. Malaria ambayo mgonjwa ana dalili tu bila kuthibitishwa na kipimo ni B54. Kisukari cha ukubwani ni E11, shinikizo la juu la damu ni I10, na ngiri ya kinena, inayowasumbua wengi wanaobeba mizigo mizito, ni K40.

Sumu ya viuatilifu nayo ina namba yake, T60, na ile inayotokana na dawa za kundi la organofosfeti, ambazo nyingi hutumika kuulia wadudu mashambani, ni T60.0. Ipo hata namba ya kueleza kwamba sumu hiyo imempata mtu kwa bahati mbaya, X48. Kwa maneno mengine, yaliyompata baba mdogo yalikuwa na mahali pake kitabuni. Hayakuandikwa.

Pamoja na namba ya ugonjwa, kuna namba ya huduma. Upasuaji wa ngiri, kushona jeraha, kupiga picha ya eksirei, kumuona daktari, kila kimoja kina namba na bei yake katika orodha ya bima. Kitabu cha ICD hakina orodha ya upasuaji, kwa hiyo fomu moja hubeba namba kutoka vitabu viwili tofauti, na mlipaji huzitazama kama zinaoana. Ukiandika ngiri halafu ukadai gharama za kushona jeraha la mguu, fomu inarudi.

Vitabu vitatu, siku tatu tofauti

Ugumu ni kwamba namba na orodha hizi hazikai mahali pamoja. Zinabadilika, na kila moja hubadilika kwa wakati wake. Kwa uzoefu wangu wa kufuatilia masoko, hapo ndipo fedha hupotelea.

Kitabu cha kwanza ni hicho cha kimataifa. Mzizi wake ni orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kupitishwa mjini Chicago mwaka 1893. WHO ilichukua usimamizi wake mwaka 1948. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika katika nchi wanachama mwaka 1994. Toleo la kumi na moja lilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022, ingawa kila nchi huhamia kwa mwendo wake, kwani kubadili daftari, kompyuta na mafunzo si kazi ya siku moja.

Mabadiliko ya toleo hilo si madogo. Malaria iliyokuwa B50 imekuwa 1F40. Kisukari kilichokuwa E11 kimekuwa 5A11. Shinikizo la damu limetoka I10 na kuwa BA00. Pia toleo jipya linaruhusu kuunganisha namba mbili au zaidi ili kueleza ugonjwa na chanzo chake kwa pamoja. Mhudumu aliyekariri namba za zamani kwa miaka 20 atajikuta kama mkulima anayepeleka debe sokoni siku ambayo wenzake wote wanapima kwa kilo.

Wakati mwingine badiliko halingoji toleo jipya. Ugonjwa wa korona ulipoingia, WHO ilitoa namba ya dharura, U07.1, mwaka 2020. Aliyekuwa na kitabu kilichochapwa miaka ya nyuma hakuweza kuiona humo.

Kitabu cha pili ni cha hapa nchini, yaani mwongozo wa taifa wa matibabu pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hiki ndicho kinachosema ugonjwa fulani utibiwe kwa dawa gani na katika ngazi ipi, iwe zahanati, kituo cha afya au hospitali. Nacho hutolewa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Kitabu cha tatu ni orodha ya bei na huduma ya bima yenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukianza na watumishi wa serikali. Tangu hapo orodha yake imepitiwa mara kwa mara. Wengi wanakumbuka yaliyotokea Machi 1, 2024, orodha mpya ya bei ilipoanza kutumika. Hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kusitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo zikisema bei hazilipi gharama, hadi mazungumzo yalipofanyika. Wakubwa wana vyama vya kuwasemea. Mwenye zahanati ndogo ya pembezoni mwa mji husikia badiliko pale fomu zake zinaporudi.

Jirani zetu wa Kenya nao walipita humo humo. Oktoba 1, 2024 mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wao wa zamani, na vituo vikalazimika kujifunza orodha na taratibu mpya huku wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

Ruvuma ina historia yake

Wafanyabiashara wa dawa wa mkoa huu hawapaswi kuyaona mambo haya kama mageni. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao leo unajulikana nchi nzima, ulijaribiwa kwanza hapa Ruvuma mwaka 2003. Uliendeshwa na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwa kushirikiana na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health. Kabla ya hapo tulikuwa na maduka ya dawa baridi, yasiyoruhusiwa kuuza dawa zinazohitaji cheti cha daktari. Mpango ule uliwafundisha wauzaji, ukakagua majengo na ukaruhusu orodha maalumu ya dawa, zikiwamo baadhi ya zile za kuua bakteria. Baadaye mikoa mingine ikafuata, na bima nayo ikaanza kuyasajili maduka hayo ili wanachama wachukue dawa huko.

Waliokuwa katika biashara hiyo enzi zile wanakumbuka pia somo la dawa za malaria. Mwaka 2001 serikali iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza na kuweka SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 na kuingia 2007 SP nayo ikatoa nafasi kwa dawa mseto ya ALu, ikabaki kwa ajili ya kuwakinga wajawazito. Katika muda wa miaka sita tu, dawa ya ugonjwa unaoongoza kwa wateja ilibadilika mara mbili. Mwenye duka aliyenunua maboksi mengi kwa sababu bei ya jumla imeshuka alibaki nayo rafuni. Bei ilishuka kwa sababu wenye taarifa walikuwa wanauza.

Somo ni lile lile leo. Mabadiliko ya mwongozo huanza kama karatasi mezani kwa mganga mkuu, lakini huishia kama mtaji uliolala dukani kwako.

Hesabu ya fomu inayorudi

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo lieleweke. Tuseme zahanati ndogo inapeleka fomu 200 kwa mwezi, kila moja ikiwa na wastani wa sh 15,000. Hayo ni madai ya sh milioni 3. Tuseme fomu 16 kati ya hizo zinarudi kwa sababu ya namba zisizooana. Zahanati imekosa sh 240,000 kwa mwezi, au sh 2,880,000 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya sh 60,000 kwa gunia la kilo 100, hayo ni magunia 48 ya mahindi.

Magunia 48 ni mavuno ya ekari kadhaa kwa mkulima wa kawaida. Na fedha hiyo haikuibwa. Dawa zilitolewa, mhudumu alilipwa mshahara, mgonjwa alipona. Kilichokosekana ni uandishi tu.

Tena hasara haiishii kwa mwenye zahanati. Akikosa fedha hizo atachelewa kulipa duka la jumla, ataagiza dawa pungufu, na mwanachama mwenye kadi ataambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Ndiyo maana utakuta mkulima analalamika kuwa kadi yake haina faida, mwenye zahanati analalamika kuwa bima hailipi, na bima inasema fomu zimejazwa vibaya. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini anayeuza mahindi kabla ya wakati ni mkulima.

Jambo hili litazidi kuwa na uzito. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilichangia sh 30,000 kwa mwaka katika mikoa kama huu wetu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Kadiri watu wengi wanavyoingia katika bima, ndivyo fedha za matibabu zinavyozidi kupita kwenye namba hizi badala ya kupita mfukoni kwa mgonjwa moja kwa moja.

Kisichoandikwa hakihesabiwi

Nirudi kwa baba mdogo, kwani kuna hasara nyingine kubwa kuliko magunia aliyouza. Kila kituo cha huduma huandika wagonjwa wake katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioanza nchini miaka ya 1990. Takwimu hizo hujumlishwa, hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye kompyuta, na kutoka hapo halmashauri hupanga mpango wake kabambe wa afya: wanunue nini, wafundishe nani, watoe elimu gani.

Siku ile katika kitabu cha kituo kile, mgonjwa mmoja wa malaria aliongezeka na mgonjwa wa sumu ya viuatilifu hakuonekana. Wangapi wengine wameandikwa hivyo hivyo msimu wa kunyunyizia? Dalili zinafanana: kichwa, kizunguzungu, kutapika, uchovu. Mgonjwa hasemi alikuwa shambani, mhudumu hana muda wa kuuliza, na malaria ndiyo inayokuja kwanza kichwani.

Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayekuja kijijini kutufundisha juu ya kuvaa glavu. Tunashangaa kwa nini sindano ya atropini, ambayo ndiyo dawa ya kupambana na sumu ya kundi hilo, haipatikani karibu. Anayeagiza dawa huagiza kwa kuangalia daftari, na daftari linasema tatizo halipo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wa mahindi wamekuwa wakinyunyizia dawa mara nyingi zaidi msimu kwa msimu. Tukiendelea kuandikwa malaria, gharama halisi ya dawa hizo kwa afya zetu itabaki gizani.

Mkulima afanye nini

Si kazi ya mkulima kukariri namba za kitabu. Lakini yapo mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, mweleze mhudumu ulikuwa unafanya nini kabla ya kuugua. Kama ulinyunyizia dawa, sema, na peleka chupa au lebo yake, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko. Lebo ndiyo inayomwambia mhudumu ni sumu ya kundi gani.

Pili, kabla hujatia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya bima, uliza kwa upole: "Samahani daktari, mmeandika ugonjwa gani, na vipimo vimeonyesha nini?" Hiyo ni haki yako na si utovu wa adabu. Kosa likionekana pale pale, hurekebishwa kwa dakika moja.

Tatu, tunza karatasi zako za matibabu pamoja na stakabadhi za chama cha ushirika. Mwenye ushahidi hadaiwi mara mbili.

Mwenye duka na zahanati afanye nini

Kwa upande wa mfanyabiashara, weka mtu mmoja mwenye jukumu la kufuatilia mabadiliko, hata kama ni wewe mwenyewe. Bandika ukutani karatasi yenye mistari mitatu: toleo la namba za magonjwa mnalotumia, toleo la mwongozo wa matibabu, na tarehe ya orodha ya bei ya bima. Siku moja ya kila mwezi, uliza ofisi ya bima na ya mganga mkuu wa wilaya kama kuna waraka mpya.

Fungua daftari la fomu zilizorudi. Andika tarehe, sababu na kiasi. Baada ya miezi mitatu utaona kuwa sehemu kubwa ya hasara inatokana na makosa mawili au matatu yanayojirudia, na hayo ndiyo ya kuanza nayo. Kabla ya kupeleka fomu, pitisha jicho kwenye mambo matatu: ugonjwa, kipimo na dawa. Vikipishana, simama. Orodha mpya inapoanza katikati ya mwaka, tazama tarehe ya huduma, usichanganye fomu za kabla na za baada.

Kabla ya kununua shehena ya dawa kwa sababu ni rahisi, hakikisha bado imo kwenye orodha.

Na jambo moja la kusisitiza: kurekebisha namba si kubuni ugonjwa. Yupo atakayekushauri uandike ule unaolipa vizuri. Huo ni udanganyifu, unaweza kukufungia biashara, na unamharibia mgonjwa kumbukumbu zake. Namba iwe ile inayosema kweli, iandikwe kwa toleo linalotumika.

Sisemi haya kuwalaumu wahudumu. Katika zahanati nyingi mtu mmoja anapima, anaandika, anatoa dawa na kuzalisha mama usiku huo huo. Anahitaji mafunzo ya mara kwa mara na orodha fupi ya magonjwa ya eneo lake, ikiwamo sumu ya viuatilifu, iliyobandikwa mbele ya meza yake. Halmashauri zinaweza kufanya hivyo kwa gharama ya karatasi.

Baba mdogo bado analima ekari zake nne. Siku hizi ananyunyizia asubuhi na mapema, amevaa glavu na kofia, na lebo za chupa anaziweka kwenye mfuko wa nailoni ulioning'inizwa nyuma ya mlango, pamoja na kadi yake ya bima. Anasema akiugua tena, atautoa mfuko huo mezani kabla hajaulizwa jina.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo, anaishi Songea.